Safari ya kwanza ya kupiga preridogi, na mwongozaji au bila yeye

Kila Mei ikiingia, maswali ni yale yale. Leseni inakatwa wapi? Bunduki gani inatosha? Lazima nilipe mwongozaji? Mimi niko kwa viza ya masomo, inakuwaje? Wengi wanaouliza ni wenzetu wahamiaji walioko Minnesota, Iowa na Colorado, huku Marekani, ambao wamechoka kulenga makaratasi na sasa wanataka kutoka uwandani. Waliotoka Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, huwa na maswali mengi zaidi, na haishangazi: hawakukua wakiona raia wa kawaida akibeba bunduki kwenda porini mchana kweupe. Basi nimeyapanga majibu kwa mfuatano wa kazi yenyewe.

Preridogi ni jamaa ya kuchakuro anayechimba na kuishi ardhini, uzito wake kilo moja hivi, mwenye tabia ya kusimama wima mdomoni mwa shimo na kulia akiona hatari. Huishi kwa mamia mahali pamoja, na mahali hapo huitwa mji. Kuna spishi tano. Utakayemfuata wewe ni yule mwenye ncha nyeusi ya mkia, anayepatikana kwenye nyanda za nyasi fupi kuanzia Montana hadi Texas. Yule wa Utah analindwa na sheria ya shirikisho, usimguse. Wafugaji hawampendi kwa kuwa anakula malisho ya ng'ombe wao; wataalamu wa mazingira wanamtetea kwa kuwa bundi, mbweha na kicheche adimu wa miguu myeusi wanaishi kwa kumtegemea. Pande zote mbili zina hoja. Na nyama yake haiendi jikoni. Kama kuua mnyama usiyemla kunakukwaza moyoni au kidini, usijilazimishe kwa sababu ya marafiki. Chukua darubini uende kuwatazama kwenye hifadhi ya taifa ya Badlands, South Dakota.

Kabla ya yote: unaruhusiwa kushika bunduki?

Usiruke sehemu hii, maana hapa mtu anaweza kuharibu maisha yake kwa mchana mmoja. Raia na mwenye green card hawana kikwazo kwa upande wa uhamiaji. Aliye kwa viza ya muda, iwe F-1 ya masomo, B-2 ya matembezi au H-1B ya kazi, sheria ya shirikisho inamkataza kuwa na bunduki au risasi, hata za kuazima kwa dakika tano, isipokuwa awe kwenye mojawapo ya misamaha iliyotajwa. Msamaha unaotumika zaidi ni kuwa na leseni ya uwindaji iliyo hai, iliyotolewa na jimbo la Marekani. Aliyeingia bila kibali au aliyepitiliza muda wake hana msamaha huo. Leseni haimwokoi, na akikutwa na bunduki ni jinai ya shirikisho.

Sasa angalia mtego ulipo. Wyoming haidai leseni kwa preridogi. Mwanafunzi wa F-1 akisikia hivyo anaona ameokoa pesa, anaacha kukata. Kumbe kwake yeye leseni ile haikuwa kwa ajili ya mnyama, ilikuwa kwa ajili ya bunduki aliyoishika. Kata leseni ya uwindaji hata pale jimbo lisipoidai, na iwe mfukoni muda wote. Anayesubiri uamuzi wa hifadhi ya ukimbizi aanzie kwa mwanasheria wa uhamiaji, asianzie kwa rafiki mwenye bunduki.

Mwongozaji au peke yako?

Ushauri wangu ni mmoja: lipia mwongozaji siku ya kwanza tu, siku zinazobaki jitegemee. Kwa siku moja utajifunza kusoma upepo, kukadiria umbali kwenye nchi isiyo na mti wala nguzo, na adabu za ranchi. Hayo ukijifunza mwenyewe yatakula safari nzima. Bei huwa dola mia kadhaa kwa mtu kwa siku. Kinachouzwa hasa ni ardhi: mwongozaji ana makubaliano na wenye ranchi, na anajua mji upi una wanyama mwaka huu.

Ukimpigia simu muulize:

- Ardhi ni ya nani, na ruhusa yake ipo kwa maandishi?
- Mara ya mwisho kuuona mji huo ni lini?
- Tutakuwa watu wangapi uwanja mmoja?
- Meza za kulengea, gari na malazi vimo ndani ya bei?
- Mvua ikifunga barabara, pesa yangu inakwendaje?

Anayekwepa swali la pili, achana naye. Mji uliokuwa umejaa mwaka jana unaweza kuwa makaburi leo, na mwongozaji ambaye hajaukanyaga tangu masika anakuuzia kumbukumbu.

Vitu vya kuandaa

Bunduki ya bolti, yaani ya kukoki kwa mkono kila risasi, yenye darubini, kaliba ndogo na ya kasi. Kwa mtu wa kwanza .223 Remington inatosha kabisa: risasi zake zinapatikana kila duka, hazikupigi bega, na hadi yadi 300 inafanya kazi. Wenye mfuko huongeza .22-250 kwa masafa marefu na .17 HMR kwa karibu. Chagua risasi nyepesi zenye ncha ya plastiki, za grein 40 hadi 55 (grein ni kipimo cha uzito wa risasi), zinazopasuka zikigusa udongo. Risasi 200 hadi 300 kwa siku si nyingi, ndiyo maana mtu akija na boksi mbili za ishirini ishirini tunacheka naye kidogo kisha tunamgawia.

Zaidi ya hapo: meza ndogo ya kulengea inayokunjwa, mifuko ya mchanga ya kuegemezea bunduki, darubini ya mkononi, kipima umbali cha leza, vizuia sauti vya masikio, miwani ya kukinga macho, ufito na dawa ya kusafishia mtutu, buti ndefu, kofia pana, mafuta ya kukinga jua, dawa ya wadudu yenye DEET, na maji. Maji mengi. Kwenye nyanda zile hakuna kivuli, na duka la karibu linaweza kuwa mwendo wa saa nzima. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, mtandao unakatika.

Hatua kwa hatua

1. Chagua jimbo na tarehe. South Dakota magharibi ndiyo njia rahisi kwa walioko Minnesota na Iowa: unashika barabara kuu ya 90 na kutoka Minneapolis hadi mji wa Wall ni kama saa nane za njia. Walioko Denver wana nyanda za Pawnee mlangoni. Kumbuka kuwa South Dakota na Colorado zote hufunga upigaji kwenye ardhi ya umma kuanzia Machi 1 hadi Juni 14, kipindi ambacho majike wana watoto. Ardhi binafsi South Dakota iko wazi mwaka mzima, lakini mimi singeenda kabla ya katikati ya Juni hata kwa kualikwa. Jike akifa, watoto walio shimoni wanakufa njaa. Juni mwishoni na Julai ndiyo miezi yake. Na ukishavuka mto Missouri na kuupita mji wa Murdo kuelekea magharibi, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Wengi hugundua wanapogonga mlango wa mwenye ranchi kabla hajaamka.

2. Tafuta ardhi. Bila mwongozaji una njia mbili. Ya kwanza ni nyanda za taifa zinazosimamiwa na Idara ya Misitu ya Marekani, kama Buffalo Gap ya South Dakota, ambayo ofisi yake ya wageni ipo Wall. Nunua ramani yao yenye rangi za umiliki, kwa sababu ardhi ya umma na ya mtu binafsi zimechanganyika vipande vipande, na mara nyingi hakuna uzio wala kibao kwenye mpaka. Uliza pia sehemu zilizofungwa. Bonde la Conata, ndani ya Buffalo Gap hiyo hiyo, limefungwa kwa upigaji kwa sababu ya kicheche wa miguu myeusi, mnyama aliyedhaniwa ametoweka duniani hadi alipoonekana tena Wyoming mwaka 1981.

Njia ya pili ni kuomba kwa wafugaji. Pigia ofisi ya kaunti inayoshughulikia magugu na wanyama waharibifu, waulize kama kuna wenye ranchi wanaotaka wapigaji. Kisha mpigie mwenyewe, usimtumie ujumbe. Taja jina lako, unatoka wapi, mtakuwa wangapi, bunduki za aina gani, na uulize kama anatoza ada. Lafudhi yako isikutie woga. Wanachotaka kusikia ni kwamba utafunga geti na hutapiga ng'ombe.

Onyo: hifadhi za taifa kama Badlands, Wind Cave na Theodore Roosevelt zina miji mikubwa ya preridogi kando ya barabara, na humo hakuna kupiga hata mmoja. Ardhi za makabila ya asili nazo zina sheria na leseni zao. Leseni ya jimbo haikuingizi humo.

3. Kata leseni. Inapatikana kwenye tovuti ya idara ya wanyamapori ya jimbo. South Dakota ina leseni maalumu ya wanyama waharibifu kwa wasio wakazi. Colorado inadai leseni ya wanyama wadogo, na kwa waliozaliwa Januari 1, 1949 au baadaye inadai pia cheti cha mafunzo ya uwindaji. Sisi karibu sote tumo humo. Cheti hicho kinachukua siku kadhaa, kwa hiyo usikiache hadi wiki ya safari.

4. Rekebisha shabaha nyumbani. Weka darubini ya .223 ipige sawa katika yadi 200. Kisha piga yadi 100 na 300, uandike risasi inapanda au kushuka inchi ngapi. Kwa risasi ya grein 55, katika yadi 300 itakuwa imeshuka inchi 6 au 7 hivi. Bandika karatasi hiyo ubavuni mwa kitako cha bunduki. Kisha kaza skrubu zote za darubini. Saa nane za barabara zinalegeza kila kilicholegea.

5. Safirisha kihalali. Kwa gari: bunduki iwe tupu, ndani ya kasha lililofungwa, nyuma mahali usipofikia. Kwa ndege: kasha gumu lenye kufuli, bunduki tupu, uitangaze kaunta na iingie kwenye mizigo ya tumboni mwa ndege. Risasi ziwe kwenye boksi zake, na mashirika mengi yana kikomo cha kilo 5. Kilo hizo ni kama risasi 400 za .223. Zinazozidi zinunue ukifika, Rapid City ina maduka.

6. Zunguka kabla ya kupiga. Fika saa 12 asubuhi, upepo bado umelala. Usishuke na bunduki. Shuka na darubini, simama kando ya mji, utazame dakika ishirini. Nyumba iko wapi, ng'ombe wako wapi, barabara inapita wapi? Halafu mtafute bundi. Yupo bundi mdogo anayeishi kwenye mashimo ya preridogi, na mchana husimama juu ya kichuguu, wima, rangi ya udongo, kimo karibu kile kile. Kwa mbali macho ya mgeni yanamwona preridogi. Tofauti ni miguu: bundi ana miguu mirefu myembamba na nyusi nyeupe, naye hutikisa mwili juu na chini anapokukazia macho. Preridogi amekaa kama gunia lililojaa, miguu haionekani. Bundi huyu analindwa na sheria ya shirikisho ya ndege wahamao ya mwaka 1918, na kusema hukumtambua si utetezi. Huna uhakika? Usibonyeze triga.

7. Panga meza mahali pa juu kidogo. Unataka risasi ishuke, imalizikie kwenye udongo. Aliyesimama kwenye ukingo wa kilima, mbingu nyuma yake, mwache; risasi ikimkosa hujui inatua kijiji gani. Wengi hudhani .22 ndogo ndiyo salama zaidi, na wanakosea: risasi yake ya polepole yenye ncha ya mviringo hudunda ardhini na kuendelea na safari, wakati ile ya kasi yenye ncha ya plastiki hupasuka. Kubalianeni mstari mmoja wa kupigia, wote nyuma yake, na mtu akitaka kwenda mbele bolti zote zinafunguliwa na mikono inatoka kwenye bunduki.

8. Anza karibu, na soma upepo. Yadi 100 hadi 150 kwanza, hata kama walio mbali wanakuita. Upepo wa pembeni wa maili 10 kwa saa, ambao kule si upepo wa kuuzungumzia, unaisukuma risasi ya .223 inchi kama 10 katika yadi 300. Kifua cha preridogi kina inchi 3 au 4. Maana yake ukilenga katikati hutamkaribia hata. Tazama nyasi zilizo katikati ya njia, siyo zilizo miguuni mwako. Mwenzako ashike darubini akwambie vumbi limeruka wapi: "kushoto, nusu mwili". Peaneni zamu, kuangalia kunafundisha kuliko kupiga. Aliyejeruhiwa mmalize kwanza kabla ya kuhamia kwa mwingine.

9. Pumzisha mtutu. Baada ya risasi kumi au kumi na tano gusa mtutu. Kama huwezi kuushika kwa utulivu, fungua bolti, uache upoe, uchukue bunduki ya pili au darubini. Mtutu wa moto unatawanya risasi na unakufa mapema. Usiache risasi ndani ya chemba ya moto. Safisha mtutu kila risasi mia hivi.

10. Saa tano au sita mchana, acha. Joto linawaingiza mashimoni, na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini inafanya kila kitu kitetemeke kwenye darubini. Kula, lala, rudi saa kumi alasiri.

11. Funga siku. Okota maganda yote ya risasi, ng'ombe huyatafuna na mwenye ranchi huyahesabu kama kukosa adabu. Geti liache kama ulivyolikuta, limefungwa au wazi. Usiegeshe gari juu ya nyasi kavu ndefu, ekzosi huwasha moto. Mizoga usiishike. Uliza mwenyeji anataka ifanyweje; mabaki ya risasi za risasi, yaani madini yenyewe, huua tai na mwewe wanaokula mzoga, ndiyo maana wengine sasa wanatumia risasi za shaba.

Kuhusu viroboto na tauni

Preridogi hupata tauni, ile ile iliyosumbua Lushoto kwa miaka mingi kuanzia 1980, na viroboto ndio wanaoihamisha. Kiroboto humkimbia mnyama aliyekufa akishapoa, akatafuta damu yenye joto, na wewe ndiye uliyeinama pale kupiga picha. Ndiyo sababu ya kutogusa. Ingiza suruali ndani ya soksi, paka dawa, mbwa wako mwache nyumbani. Mkono pia usiutie shimoni, nyoka wa kengele hukaa humo.

Mambo yakienda kombo

Mji hauna mtu. Mashimo yana utando wa buibui na hakuna kinyesi kipya: tauni imepita, au mwenye ardhi ameweka sumu. Usichunguze, ondoka. Kwa hiyo uwe na mahali pa pili na pa tatu kwenye ramani tangu nyumbani.

Wote wamezama na hawatoki. Subiri nusu saa bila kutembea. Wasipotoka, hamia upande mwingine wa mji, yadi mia tatu au zaidi. Mji uliopigwa sana huzama gari likionekana tu. Huo uache, tafuta mwingine.

Ulikuwa unapiga vizuri, ghafla hupati kitu. Kwa mpangilio huu: mtutu una joto? Upepo umegeuka? Skrubu za darubini zimelegea? Mtutu mchafu? Bandika karatasi yadi 100, piga tatu. Zikikaa pamoja, bunduki ni nzima na tatizo ni upepo au wewe. Usianze kuzungusha vitufe vya darubini kwa hasira.

Umebonyeza triga, kimya. Mdomo wa bunduki ubaki umeelekea mbele, hesabu nusu dakika, ndipo ufungue bolti. Ikitoa mlio hafifu kuliko kawaida, simama: risasi inaweza kuwa imekwama ndani ya mtutu, na ya pili itakupasukia usoni. Pitisha ufito kwanza.

Mvua imenyesha. Udongo wa South Dakota magharibi ukilowa unageuka ulimbo, hujazana kwenye matairi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Hata gari la magurudumu manne linakwama. Wingu likikusanyika, toka hadi kwenye barabara ya kokoto kabla ya tone la kwanza. Ukichelewa, kaa hapo hapo hadi kukauke. Ukichimba mitaro ya matairi kwenye malisho ya mtu, hutaalikwa tena.

Askari wa wanyamapori amefika. Bunduki mezani, bolti wazi, mikono ionekane, kisha leseni, kitambulisho na hati ya uhamiaji kama unayo. Mara nyingi anataka leseni na jina la mwenye ardhi tu, halafu anaanza kuzungumza habari za mvua.

Homa kali, baridi au tezi zilizovimba kinenani au kwapani ndani ya wiki moja hivi baada ya kurudi: nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari wazi kwamba ulikuwa kwenye mji wa preridogi. Tauni inatibika kwa antibiotiki ikiwahiwa, lakini daktari wa mjini hataiwazia usipomtajia, na mtu mwenye asili ya Afrika anaweza kuanza kupimwa malaria.